Sahihi milioni moja na mamlaka ya wananchi

Kifungu cha 1 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba mamlaka yote makuu ni ya wananchi, kisha papo hapo kinaongeza kwamba yatatumiwa tu kwa kufuata Katiba hiyo. Je, mwananchi yuko juu ya Katiba au chini yake?

Swali hilo lilifika mahakamani kupitia Mpango wa Maridhiano (Building Bridges Initiative, BBI), uliotokana na Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga kupeana mkono Machi 2018. Mswada wake, uliokusudia pamoja na mengine kuongeza maeneo bunge 70, ulipitia njia ya Kifungu cha 257, inayomruhusu mwananchi kuanzisha mabadiliko kwa kukusanya sahihi milioni moja. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu iliuzima, ikishikilia kwamba misingi mikuu ya Katiba hubadilishwa na wananchi wenyewe tu, kwa elimu ya uraia, ushirikishwaji wa umma, bunge la katiba na kura ya maoni. Hoja hiyo ina mizizi katika machungu ya kweli, kwani mwaka 1982 Bunge liliifanya KANU, iliyokuwa ikitawala, chama pekee kisheria bila raia kuulizwa lolote.

Hata hivyo, hatua hizo nne hazimo katika Katiba, na ikiwa mwenye mamlaka ni mwananchi, ni vigumu kueleza ni nani aliyewapa majaji idhini ya kumpangia masharti mapya. Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini, iliikataa nadharia hiyo tarehe 31 Machi 2022, lakini ikaamua kwamba Rais hawezi kutumia njia waliyotengewa raia.

Naona uamuzi huo kuhusu Rais ndio unaomlinda hasa Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida. Anayeletewa fomu ajaze jina, nambari ya kitambulisho na sahihi huthibitisha kwamba anaunga mkono mswada, si kwamba yeye ndiye chimbuko lake, na mamlaka ya wananchi hupungua sana wakibakiziwa kuidhinisha tu yaliyoandikwa Ikulu. Udhaifu wa uamuzi huo ni kwamba mkono wa Rais katika BBI ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kiongozi atakayewatanguliza wengine na kugharamia kampeni kimyakimya atakuwa mgumu zaidi kunaswa, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi huhakiki sahihi, haichunguzi nani aliyeuandika mswada.