Msongo Upi Humwamsha Kijana, Upi Humzima?

Kila Novemba wanafunzi wa kidato cha nne wa Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara, hufanya mtihani wa taifa huku msimu wa korosho umepamba moto. Shambani mikono ya kuokota haitoshi, minada inaendelea, na shuleni hakuna neno linalotajwa kama ufaulu. Je, kubanwa huku humfanya kijana abuni zaidi, au humzima?

Wako wanaoshika methali ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwao dhiki ndiyo shule, na kijana aliyekulia kwenye raha hana sababu ya kuwaza jipya. Hawajakosea kabisa. Mwaka 1908, Yerkes na Dodson, wanasaikolojia wa Marekani, waliwafundisha panya kutofautisha visanduku kwa kuwapiga shoti ya umeme kila walipokosea. Tofauti ilipokuwa rahisi kuiona, shoti kali iliharakisha kujifunza. Ilipokuwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa, na ile kali ikawachelewesha. Panya si mwanafunzi, lakini mwelekeo huo unasaidia kufikiri: kukariri jedwali la kuzidisha kunavumilia msukumo mkubwa kuliko kutafuta jibu ambalo halijaandikwa popote.

Kwa binadamu ushahidi ni wa karibu zaidi. Mwaka 2010 watafiti Byron, Khazanchi na Nazarian walijumlisha majaribio 76 kuhusu msongo na ubunifu. Walikuta kwamba kujua kazi yako itapimwa, ikiwa uzito wake ni mdogo, huongeza ubunifu kuliko kutopimwa kabisa, ila tathmini nzito huushusha. Na pale mtu asipokuwa na uwezo wowote juu ya kinachombana, ubunifu hushuka pia.

Hilo la mwisho ndilo tunaloliona zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika mitaani kwetu. Kazi ya kuwasilishwa Ijumaa ni msongo, lakini kijana anaweza kuanza Jumatatu. Bei ya korosho ikishuka mnadani, hakuna anachoweza kufanya. Akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, au akikosa kujua kama kesho ataenda darasani au shambani, ni hivyohivyo: akili hubaki inalinda badala ya kutafuta.

Lugha nayo imo. Mtoto hutoka darasa la saba akiwa amesoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza ambako masomo mengi ni kwa Kiingereza. Kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ingeshika mawazo mawili matatu na kuyaunganisha, inatumika kutafuta maneno. Mwalimu anayemwona kimya huandika kwamba hana ubunifu. Hilo ni kosa la kipimo, si la mtoto.

Hulka hubadilisha kiwango cha msongo ambacho kijana anakimudu. Katika tabia kuu tano ambazo wanasaikolojia hupima, inayohusiana zaidi na ubunifu ni uwazi kwa mambo mapya: kupenda kudadisi na kujaribu. Kijana mwepesi wa wasiwasi hufika kikomo mapema, hivyo maneno yanayomchangamsha mwenzake yeye humfunga. Hata hivyo tusimpige muhuri mtu wa miaka 14. Hulka bado inajengeka, na uhusiano wa takwimu haumtabirii mtoto mmojammoja. Mkimya naye huonewa sana. Watafiti Diehl na Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wanaotoa mawazo kwa sauti kwenye kundi huzalisha machache kuliko idadi ileile ikiwaza mmojammoja, hasa kwa sababu kila mmoja husubiri zamu.

Kwa hiyo zoezi la ubunifu darasani lifanyike hivi. Wape kitu wanachokijua, tuseme kifuu cha nazi, waandike matumizi yake mengi kadiri wawezavyo kwa dakika nane, kila mtu peke yake, kwa lugha anayoitaka, bila jina na bila alama. Usiwasimamishe dakika ya tatu. Majibu ya mwanzo huwa upawa na kata ya maji, yale yale ya kila mtu. Ya pekee huja baadaye, wengine wakishadhani wameishiwa. Kisha kusanya karatasi, hesabu wingi wa mawazo, aina zake, na yale ambayo hakuna mwingine aliyeyaandika. Zoezi huharibika mwalimu anaposoma jibu moja la ajabu na darasa likacheka. Baada ya hapo wote huandika yaliyo salama.

Shinikizo liingie hatua ya pili, ya kuchagua wazo moja na kulikamilisha. Hapa wale wanaosema dhiki ni shule wana haki: bila tarehe, mawazo mengi mazuri hufia daftarini. Weka siku, na vigezo vijulikane mapema. Katika jaribio la mwanasaikolojia Amabile la mwaka 1979, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliotengeneza picha za kubandika karatasi wakijua watapimwa walionyesha ubunifu mdogo, isipokuwa walioelezwa waziwazi nini kitaangaliwa.

Nyumbani, mzazi wa Tandahimba hawezi kuahirisha korosho, na hakuna haja ya kumlaumu. Anachoweza ni kumwambia mtoto Jumapili jioni ratiba ya wiki nzima: siku zipi ataokota, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na jioni zipi ni zake bila kuitwa. Kazi ni ileile, ila sasa ina mpaka anaoujua. Na alale: wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku. Kijana aliyeamka alfajiri kufuata maji na akakesha na daftari anapungukiwa kabla ya mtihani kuanza, na uwezo wa kuona njia ya pili hupungua.