Nilifuata picha, nikaishia bwawani

Nyumba za wasanii waliokwisha kufariki hunichosha. Unaonyeshwa miwani, kalamu, kiti kilichozungushiwa kamba usije ukakikalia, basi, unatoka. Hakusasonso ya Kyoto, Japani, imenitia adabu.

Ni makazi ya zamani ya Hashimoto Kansetsu, mchoraji aliyezaliwa Kobe mwaka 1883 na kufariki 1945. Yapo jirani kabisa na kituo cha basi cha Ginkakuji-michi. Wageni wanaoshuka hapo karibu wote hupandisha moja kwa moja kwenda hekalu la Ginkakuji, na mimi ningewafuata kama si mvua ya Juni kunikimbizia langoni.

Zamani hapo palikuwa mashamba ya mpunga. Mwaka 1916 Kansetsu akajenga nyumba na chumba cha kuchorea, na tangu hapo mpaka anakufa, karibu miaka 30, hakuacha kuichokonoa bustani: bwawa, misonobari, vijia, na mawe. Mawe hasa! Alikusanya taa za mawe na minara midogo ya mawe, mingine ya enzi ya Kamakura iliyokwisha mwaka 1333, akaitega kila mahali unapopinda kona. Nilisimama mbele ya taa moja iliyofunikwa ukijani wa unyevunyevu hadi kichwani. Tone lilikuwa likining'inia ukingoni mwa kofia yake, linanenepa, linadondoka, lingine linaanza. Nadhani nilikaa pale dakika kumi, kiatu kimoja ndani ya dimbwi.

Chumba cha kuchorea, Zonkoro, ni jengo la ghorofa linalotazamana na bwawa. Hapo ndipo nilipomwelewa huyu bwana. Alikuwa akiinua macho kutoka kwenye karatasi anakutana na kazi yake nyingine, ile isiyokauka. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiita bustani hii pambo la nyumba ya tajiri. Pesa alikuwa nazo, sawa, lakini tajiri wa kawaida humwita fundi, halafu anasafiri.

Jengo la makumbusho lililofunguliwa 2014 ni safi, taa zake nzuri, vioo havina alama ya kidole. Nililimaliza upesi. Picha mashuhuri ya Kansetsu ya giboni weusi, wale nyani wa mikono mirefu, ya mwaka 1933, inamilikiwa na Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, na hizo nyingine, Mungu anisamehe, nilizitazama huku nikiwaza bwawa. Kilichonishika humo ni roshani ya juu: ukisimama pale unauona mlima Daimonji, kana kwamba nao aliununua akauweka nyuma ya miti yake.

Tena kuna mkewe, Yone. Inasimuliwa kuwa ni yeye aliyetoa wazo la kuushukuru mji kwa miti, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wawili hao wakatoa mamia ya miche ya sakura, ile micheri ya maua, ipandwe kando ya mfereji, pale panapoitwa leo Njia ya Falsafa. Mingi ya ile ya mwanzo imeshakufa ikapandwa mingine, ila bado watu huiita sakura za Kansetsu. Za Kansetsu tu. Yone hatajwi.

Nilipotoka mvua ilikuwa imekatika. Nikaufuata mfereji chini ya majani mabichi, bila ua hata moja, na nilipofika mbali ndipo nikakumbuka mwavuli nimeuacha langoni.