Ng'ombe wa bandani Moshi: kifungo au hifadhi?

Kibosho, Machame au Marangu, ng'ombe wa maziwa humwoni barabarani. Yuko bandani nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Wanaojali ustawi wa wanyama hukiita hicho kifungo cha maisha. Mfugaji naye anauliza: kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) kimegawanywa kwa watoto na wajukuu, nimwachie achunge wapi?

Swali lake lina uzito. Wa bandani hukutana na kupe kwa nadra, hivyo ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, hupungua (ingawa majani yaliyokatwa palipochungwa mifugo yanaweza kuja na kupe wao). Samadi yote nayo inabaki nyumbani kwa migomba na kahawa.

Lakini aliyefungiwa hana pa kujitafutia. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji majani mabichi yasiyopungua kilo 40 kwa siku, anayekamuliwa zaidi ya hapo, na maji lita 60 hadi 80. Kiangazi majani hufuatwa tambarare, na mara nyingi anayeyabeba kichwani ni mama wa nyumba. Mzigo ukizidi nguvu, migomba inakatwakatwa na kujazwa horini. Tumbo linajaa kweli, ila sehemu kubwa ya mgomba ni maji na protini yake ni haba. Maziwa yanashuka, ng'ombe anakonda, na haji kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume.

Hapo huitwa tasa, na wengi huuzwa machinjioni bila sababu. Hata kwa aliyeshiba, joto linaweza kupita bila kuonekana: yuko peke yake, hana mwenzake wa kumpanda, na joto linalodumu saa 12 hadi 18 tu linapita watu wamelala. Kila baada ya siku 21 hivi mchunguze alfajiri na usiku: ute mwangavu, kulia ovyo, maziwa kupungua ghafla. Akionekana na joto asubuhi, ahimilishwe (apandikizwe mbegu za dume) jioni. Mbegu nzuri kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River haiokoi saa zilizopotea.

Kwato ndizo husahaulika zaidi. Kwenye tope zinaoza. Asipotembea zinarefuka, kwa hiyo zipunguzwe kila miezi 6. Sakafu iwe ya zege iliyokwaruzwa, yenye mteremko kidogo, na pembeni uwepo uwanja wa kujinyoosha, hata mdogo.

Kwa maoni yangu, banda si ukatili. Ukatili ni kufunga ng'ombe wawili kwenye nyumba inayomudu majani ya mmoja.