Programu ya mtumba na apgredi ya bei ya kueleweka

Kila nikiandika kwenye magrupu ya maprodyuza kwamba kuna watu wananunua Ableton Live ya zamani, ile programu ya kutengenezea muziki, kwa mtu mwingine, halafu wanalipia apgredi na kuingia toleo jipya kwa bei ndogo, majibu ni yaleyale. Nusu wanasema huo ni wizi wa kistaarabu, nusu wananiuliza kwa nini nihangaike wakati ya kukraki, iliyovunjwa kufuli, ipo bure. Hapo ndipo nachoka. Nguo tunavaa mtumba, gari tunaagiza Japani likiwa limeshatembea kilometa laki na kitu, ila programu ikiwa mtumba ghafla tunakuwa watakatifu.

Tupige hesabu kwanza. Enzi zile Photoshop, programu ya Adobe ya kuhariri picha, inauzwa kwenye boksi, mpya ilikuwa dola 699, na mwenye toleo la nyuma alikuwa anaapgredi kwa dola 199. Sasa chukulia kuna mtu ana Photoshop CS3, toleo la zamani, iko kabatini inakula vumbi, anakuachia kwa dola 150 tuseme, mnajaza ile fomu ya Adobe ya kuhamisha leseni, mnasaini wote wawili, na kuanzia hapo mwenye leseni ni wewe na bei ya apgredi ni yako. Jumla 349, yani nusu ya bei. Nani kaibiwa hapo? Adobe walishalipwa na mwenye boksi wa kwanza na wanalipwa tena na wewe, tena hiyo 199 wasingeiona kabisa kama ungebaki na kraki yako. Kitu cha kuangalia kilikuwa ni toleo gani la zamani bado linapokelewa kwa bei ya apgredi. CS5 ilikuwa inapokea matoleo matatu ya nyuma, CS6 ya 2012 ilipokaribia wakataka kubana ibaki familia ya CS5 peke yake, wateja wakapiga kelele mpaka wakalegeza kwa muda. 2013 wakahamia kwenye kulipia kila mwezi na mchezo ukaishia hapo.

Sasa kabla hujakimbilia kununua, kuna kesi moja ya Marekani ambayo naona kila mtu anayetaka njia hii aijue, Vernor dhidi ya Autodesk. Kulikuwa na ofisi ya wasanifu majengo yenye leseni kumi za AutoCAD Release 14, programu ya Autodesk ya kuchorea ramani. Ilipotoka AutoCAD 2000 wakaapgredi, wakalipa dola 495 kwa leseni badala ya 3,750 ambayo ndio ilikuwa bei ya mpya. Sharti la unafuu huo lilikuwa kwamba kopi za zamani ziharibiwe. Hawakuziharibu. Wakaziuza na vitu vingine vya ofisi, namba za kuwashia zimeandikwa kwa mkono, na mnunuzi akawa Timothy Vernor wa Seattle ambaye alikuwa anauza vitu eBay, soko la mtandaoni. Kila akiweka tangazo Autodesk wanaliondoa, akifungua tena wanaliondoa tena, eBay wakamfungia akaunti kwa muda, mwaka 2007 akaamua kwenda mahakamani yeye mwenyewe. Mahakama ya chini ikampa ushindi. Septemba 2010 mahakama ya rufaa ikaupindua, ikasema ile ofisi haikuwahi kuzimiliki hizo kopi, ilipewa leseni ya kutumia tu, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kumuuzia.

Wengi wanaitaja hii kesi kama ushahidi kwamba mtumba wa programu ni haramu. Mimi nikiitazama naona leseni moja iliyoliwa mara mbili: ofisi ilishaitumia kupata punguzo la zaidi ya dola 3,000, halafu ikaiuza tena kana kwamba bado ipo. Ni kweli uamuzi wenyewe ni mpana kuliko hapo, unaruhusu kampuni kuzuia uuzaji wowote kwa kuandika masharti yanayobana vya kutosha, na hilo silipendi hata kidogo, maana mtu katoa hela nzima mara moja, hadaiwi, harudishi kitu, halafu anaambiwa eti si chake. Lakini kwa mnunuzi swali la kwanza linatoka hapohapo: hii leseni ilishaapgrediwa? Kama muuzaji alikuwa na Live 9 akaapgredi kwenda Live 11, hawezi kukuuzia 9 yeye akabaki na 11. Ni leseni moja hiyo, ikiondoka inaondoka yote.

Ulaya mambo ni tofauti kabisa. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi kwenye kesi ya UsedSoft, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa inauza leseni za mtumba za programu za kampuni ya Oracle. Majaji wakasema ukimuuzia mtu programu kwa bei moja na haki ya kuitumia bila mwisho, umeuza, na haijalishi aliipata kwa sidii au aliidaunlodi. Anaweza kuiuza. Na anayenunua anaipata ikiwa na marekebisho na apdeti zake zote zilizoshaingia kwa mkataba wa matengenezo. Sharti ni kwamba muuzaji afute ya kwake, na kama alinunua leseni ya watumiaji 25 hawezi kuikata vipande akauza zile zilizobaki.

Hicho kipengele cha kukata vipande mkikumbuke vizuri, maana namba za Windows na Office zinazozunguka Telegram kwa bei ya chipsi mayai nyingi ni hizo hizo, leseni ya taasisi au ya shule iliyogawiwa watu wasiohusika. Ule sio mtumba. Inawaka leo, baada ya miezi inazimwa, na uliyemlipa keshabadilisha namba ya simu.

Kinachonichekesha ni kwamba huku kwetu wengi walishapita njia hii bila kujua. Laptopu used ya enzi zile ukiigeuza chini unakuta stika ya Windows 7 Pro, herufi na namba 25, pengine imefubaa nusu haisomeki. Ile ni leseni inayokwenda na mashine, mashine ikiuzwa na yenyewe imeuzwa. Julai 2015 Microsoft wakafungua apgredi ya bure ya Windows 10 kwa mwaka mmoja, na kiukweli hata mwaka ulipopita namba zile ziliendelea kukubali mpaka walipoziba mlango Septemba 2023. Yani umenunua kompyuta kuukuu na ndani yake kuna haki ya apgredi. Halafu mtu anaipeleka kwa fundi apigiwe Windows, fundi anaweka ya kukraki juu ya laptopu yenye leseni yake halali imebandikwa tumboni, na anadai elfu ishirini.

Kwa sasa sehemu ambayo njia hii bado inalipa ni programu za muziki. Ableton wanaruhusu kuhamisha leseni kwenda kwa mtu mwingine, ukiacha za wanafunzi na zile zilizotolewa kwa sharti la kutouzwa, kwa hiyo Live ya zamani ukiipata kwa bei nzuri unaihamishia kwenye akaunti yako na bei ya apgredi inatokea hapo hapo. Kuna kijia kidogo zaidi ambacho hakisemwi sana. Kibodi nyingi za MIDI, zile za kupigia muziki unazochomeka kwenye kompyuta, na saundi kadi zinakuja na Live Lite, toleo dogo la Live, na mwenye Lite anapata punguzo akitaka kupanda juu. Ukinunua kibodi used, muulize muuzaji kama aliirejista. Mara nyingi hajawahi, kaichomeka akapiga, ile karatasi ya namba bado imelala chini ya boksi.

Plagini, zile programu ndogo za sauti na efekti unazoongeza ndani ya programu ya muziki, zina vituko vyake. Nyingine zinahama bure, nyingine zinakaa kwenye iLok, mfumo wa kutunza leseni, na kuna ada ya kuhamisha kwa hiyo jueni mapema nani anailipa, nyingine kampuni imekataza moja kwa moja na hapo hata ukibembelezwa vipi achana nayo. Soma ukurasa wa kampuni wa kuhamisha leseni kabla hujaanza kupatana bei, sio baada. Linganisha pia na ofa za Novemba, kuna wakati mpya inashuka mpaka mtumba haina maana.

Na hela usimtumie yote kwa sababu tu kakutumia picha ya skrini yenye namba ya seriali. Namba anaweza kuwatumia watu kumi. Unachonunua ni jina lako kutokea kwenye akaunti ya kampuni, kwa hiyo lipa kwa njia ambayo unaweza kudai ukidhulumiwa, subiri imeili ya kampuni yenyewe inayosema leseni imehamia kwako, ingia uione kwenye akaunti, ubonyeze apgredi uone inakuletea bei gani, ndio ummalizie chake.