Wilsberg: je, tucheke faili la kodi linapofunguliwa?

Anayefuatilia Wilsberg, tamthilia ya upelelezi ya televisheni ya Ujerumani yenye mzaha mwingi, anakijua kipande hiki. Georg Wilsberg, muuza vitabu vikuukuu na mpelelezi binafsi wa jiji la Münster, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, anamwendea rafiki yake Ekki Talkötter na ombi. Kwanza anataka kuazima gari, maana yeye hana lake. Kisha anataja jina la mtu. Ekki ni mkaguzi wa kodi, na kompyuta ya ofisini kwake inajua mapato na madeni ya wakubwa wa mji. Ekki anakataa. Anamkumbusha kwamba bosi wake, Grabowski, anamvizia. Anakataa tena. Baada ya muda faili limeshafunguliwa, na watazamaji wanacheka.

Tamthilia hii imezaliwa na riwaya za Jürgen Kehrer, na kituo cha televisheni cha ZDF kilionyesha filamu ya kwanza mwaka 1995, Joachim Król akiwa Wilsberg. Tangu 1998 nafasi hiyo ni ya Leonard Lansink. Kila hadithi huchukua dakika 90 na kwa kawaida hurushwa Jumamosi usiku, saa ambayo familia nzima iko sebuleni. Kwa hiyo swali la nini kinachekewa humo si dogo.

Wanaoilaumu wana hoja nzito. Sheria ya Ujerumani inalinda siri ya kodi vikali: afisa anayeitoa bila idhini anaweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini. Tena nyuma ya sheria kuna historia. Mwaka 1983 Wajerumani wengi waliinuka kupinga sensa kwa kuhofia dola kujua mno habari zao, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba mtu ana haki ya kuamua taarifa zake zitumikeje. Nchi iliyopigania jambo hilo hivyo sasa inamwona Ekki akifungua faili kwa sababu rafiki kamwomba, na mkosaji anapendeza.

Inspekta wa polisi Anna Springer naye mara nyingi humdokezea Wilsberg mambo ya upelelezi ambayo hayapaswi kutoka kituoni. Kwangu mimi hapa ndipo lawama inapouma zaidi. Hadithi zinatutaka tumwone Wilsberg kama mnyonge anayepambana na wenye nguvu: wajenzi wa majumba, madaktari, maprofesa, wanasiasa wa mji. Na kweli wahalifu wengi wa Wilsberg ni watu wa tabaka hilo. Lakini Ekki na Springer si wanyonge. Wakiwa kazini, wao ndio dola. Urafiki wao na Wilsberg unaifanya dola ionekane kama jirani mwema, na jirani mwema haulizwi kibali.

Upande wa pili, tuangalie mpelelezi binafsi wa Ujerumani ana nini mkononi. Karibu hana kitu. Anasajili biashara yake, mamlaka inachunguza kama ni mtu wa kuaminika, basi. Hakuna mtihani wa serikali wala madaraka. Kumkamata mtu anaruhusiwa pale tu raia yeyote anaporuhusiwa, yaani mhalifu akifumaniwa katika tendo na ikihofiwa atatoroka au hajulikani ni nani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisema kwamba kufunga kifaa cha kufuatilia kwenye gari la mtu kwa siri, kwa kawaida, ni kosa la jinai. Mpelelezi anayefuata sheria neno kwa neno atashinda garini akimwangalia mfanyakazi anayedaiwa kusingizia ugonjwa. Mwandishi anayetaka hadithi ya mauaji lazima amtafutie mlango mwingine, na mlango huo ni fadhila za marafiki.

Utetezi ninaouheshimu zaidi ni huu: Wilsberg haifichi kwamba kosa ni kosa. Kicheko chote cha Ekki kinatoka kwenye hofu yake. Anatokwa jasho, anageuka nyuma, anajitetea, anamlaani rafiki yake. Oliver Korittke, mwigizaji wa Ekki, anaicheza hofu hiyo kwa uzito kamili, na ndiyo maana inachekesha. Linganisha na tamthilia za polisi zisizo na mzaha, ambamo askari anavunja mlango bila hati, muziki unapanda, na hakuna anayelitaja hilo kuwa kosa. Huko uvunjaji wa sheria unavikwa ushujaa. Na Overbeck, askari msaidizi wa Springer anayejiona kama shujaa wa filamu za Marekani, anafanya kazi nzuri zaidi: mwenye bastola na kitambulisho ndiye anayechekwa, kila anapojitutumua.

Nikipima, nauweka mguu upande wa watetezi, ila si wote. Anayekosekana ni mtu wa tatu. Katika hadithi za aina hii washukiwa ni wengi na muuaji kwa kawaida ni mmoja, kwa hiyo faili nyingi zinazopekuliwa ni za watu wasio na hatia. Hao huachwa njiani punde tu wanapoondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Hofu ya Ekki tunaionyeshwa kwa karibu. Fedheha ya mwenye faili haionyeshwi. Hii ni kasoro ya uandishi, na inarekebishika bila kuua mzaha. Waandishi waliomjenga Ekki kwa ustadi huu wanaweza kuandika filamu moja ambamo mlipa kodi asiye na hatia anagundua kilichotokea, anaingia kwenye duka la vitabu na kudai majibu, Wilsberg na Ekki wote wawili wakiwepo. Nina hakika Korittke na Lansink wangeibeba.