Henry Taylor asipimwe kwa saa peke yake

Kuogelea mita 1500 kwa dakika 22 na sekunde 48.4. Leo kijana wa klabu akimaliza kwa muda huo hapongezwi na mtu. Mwaka 1908, hiyo ndiyo ilikuwa rekodi ya dunia, na ninaamini wanaomlinganisha Henry Taylor, Mwingereza aliyeiweka, na waogeleaji wa sasa kwa saa tu wanamwonea.

Fikiria bwawa lenyewe. Olimpiki ya London mwaka ule ilitumia bwawa la wazi la mita 100, lililochimbwa ndani ya uwanja wa White City. Kwa mita 1500 unageuka mara 14 tu. Kwenye bwawa la mita 50 ungegeuka mara 29, na kwenye la mita 25 mara 59. Kila geuko ni zawadi: miguu inasukuma ukuta, mwili unateleza kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuifikia, mabega yanapumua kidogo. Aliyezoea bwawa fupi akiwekwa kwenye mita 100 huanza kuharibikiwa katikati ya safari. Viwiko vinashuka, viganja vinapita kwenye maji bila kuyashika, nyonga zinazama, na kila mpigo unagharimu zaidi ya ule uliotangulia. Tena kamba za kutenganisha njia hazikuwepo, hivyo wimbi la jirani lilikufikia lote.

Taylor aliyaweza hayo kwa sababu ya umaskini. Alizaliwa Oldham, Uingereza, mwaka 1885, akabaki yatima, akalelewa na kaka yake. Alifanya kazi kiwanda cha pamba, na saa ya chakula cha mchana alijitosa kwenye mfereji wa mashua. Mfereji hauna ukuta wa kusukuma. Unaogelea mfululizo au unasimama. Bwawani alikwenda siku za maji machafu. Wakati huo maji hayakuchujwa: yalibadilishwa, kisha yakatumiwa siku kadhaa, na kiingilio kilishuka kadiri yalivyochafuka.

Huyo ndiye aliyeondoka London na dhahabu 3: mita 400, mita 1500, na ile ya kupokezana ya mita 200 mara 4, ambayo yeye ndiye aliyeimalizia Uingereza mbele ya Hungaria.

Linaloniuma ni kanuni ya uridhaa. Kuogelea kwa malipo kulikatazwa, kwa hiyo ushindi ulimpa vikombe, haukumpa akiba. Baadaye alinunua baa, biashara ikaanguka, akalazimika kuachana na vikombe hivyo. Akawa mhudumu wa bwawa la Chadderton, akafariki mwaka 1951 akiwa fukara. Ilipita miaka 100 kamili, hadi mwendesha baiskeli Chris Hoy kule Beijing mwaka 2008, ndipo Mwingereza mwingine akapata dhahabu 3 katika Olimpiki moja.