Muulizeni Mpara Samaki Kazi Yake

Mpara samaki wa feri ya Mtwara akichomwa na mwiba wa changu, kidole kikaja kuvimba siku mbili hadi saba baadaye, tabibu asianze kutafuta usaha. Aulize kwanza: unafanya kazi gani? Jibu hilo ndilo linalomfichua Erysipelothrix rhusiopathiae, bakteria anayekaa kwenye ute wa samaki, na kwa nguruwe na kuku pia.

Ngozi huwa nyekundu inayoelekea zambarau, ukingo umeinuka na unatambaa pole pole huku katikati pakififia. Maumivu yanazidi kwa mbali ukubwa wa jeraha. Usaha hakuna, na ukibonyeza hapabaki shimo.

Kinachoniumiza ni kwamba dawa yake ni rahisi, ila tunatoa nyingine. Penisilini inamweza: mtu mzima asiye na mzio hupewa amoksilini 500 mg mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10. Septrin kwa kawaida haimgusi, wala jentamaisini. Vankomaisini nayo haimwezi, na hapo ndipo pa hatari, maana bakteria huyu akishaingia kwenye damu hupenda kung'ang'ania valvu za moyo, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi huanzishiwa vankomaisini majibu yakisubiriwa.

Maabara nako hupotea kirahisi. Kufuta juu ya ngozi kwa pamba hakuleti kitu, kwa sababu bakteria amejificha ndani. Kikatwe kipande kidogo cha ngozi, unene wake wote, kwenye ukingo unaotambaa. Katika rangi ya Gramu, inayowagawa bakteria kuwa chanya (zambarau) na hasi (waridi), bakteria huyu ni chanya, ila vijiti vyake vyembamba huachia zambarau upesi. Asetoni ikizidi kidogo tu vinageuka waridi, na majibu yanaandikwa Gramu hasi. Vikibaki zambarau, mwingine atasema ni vijidudu vya kawaida vya ngozi, atupe sahani ya kuoteshea. Asitupe! Achukue koloni kidogo, yaani kitone cha bakteria walioota, adondoshee haidrojeni peroksaidi. Wale wa ngozi wanaofanana naye hutoa povu, huyu hatoi. Halafu amchome kwenye mrija wa TSI, chakula cha bakteria kinachogeuka cheusi wakitoa gesi ya haidrojeni salfaidi: mstari wa sindano ukiwa mweusi, huyo ndiye.

Wanaoshika ng'onda nao waulizwe, kwani chumvi na moshi havimuui. Na aliyetumia dawa, kidole kikapona, kisha homa ikaendelea, achukuliwe damu ya kuotesha kabla ya kuongezewa dawa nyingine yoyote.